Herufi Moja Tu! Selimundu na Kitabu Kilichomo Mwilini Mwako

Leo tuanzie darasani kwako.

Huenda yupo mwanafunzi mwenzako wa namna hii. Wiki mbili anakuja shule, wiki ya tatu haonekani. Macho yake yana umanjano. Kwenye mchakamchaka anabaki nyuma akihema. Ana miaka 16, lakini ukimwona utadhani ana 12. Wengine wanasema ni mvivu. Wengine wananong'ona eti karogwa. Wapo hata wanaomsema mama yake vibaya.

Kumbe shida yake ni herufi moja tu. Ndiyo, herufi moja! Imekosewa kwenye maandishi ambayo kila mmoja wetu anayo mwilini. Ugonjwa huo unaitwa selimundu, na wengi wanauita sikoseli. Twende pamoja uone wataalamu walivyoisoma herufi hiyo, na kwa nini habari hii inakuhusu hata kama wewe ni mzima kama chuma.

Kitabu cha herufi nne

Ndani ya karibu kila chembe ya mwili wako kuna maelekezo ya kukutengeneza wewe. Yameandikwa kwenye DNA, kwa herufi nne tu: A, T, G na C. Seti nzima unayorithi kwa mzazi mmoja ina herufi kama bilioni 3. Kitabu hicho chote kinaitwa jenomu. Kipande cha maandishi chenye kazi yake maalumu, kwa mfano kutengeneza protini fulani, kinaitwa jeni. Binadamu ana jeni kama 20,000 za kutengeneza protini.

Kazi ya kukisoma kitabu cha binadamu ilianza mwaka 1990 kwa mradi wa nchi kadhaa, ikatangazwa kukamilika mwaka 2003. Hata hivyo vilibaki vipande vigumu kusomeka, ambavyo karibu vyote vilimaliziwa mwaka 2022.

Sasa fikiria sentensi hii: "Mwalimu amenipa kalamu." Badilisha herufi moja: "Mwalimu amenipa karamu." Umeona? Ulikuwa unakwenda kuandika, sasa unakwenda kula pilau! Herufi moja imegeuza habari yote.

Ndivyo ilivyo kwa selimundu. Kuna jeni inayotoa maelekezo ya kutengeneza sehemu ya himoglobini, ile protini nyekundu inayobeba oksijeni katika damu. Mahali fulani kwenye jeni hiyo panatakiwa kusomeka GAG. Kwa mwenye selimundu panasomeka GTG. A imekuwa T, basi.

Matokeo yake ni nini? Himoglobini hiyo ikishaachia oksijeni, hushikamana na kujipanga kama fito. Chembe nyekundu ya damu, ambayo kwa kawaida ni laini na ya duara, inakakamaa na kupinda kama mundu wa kuvunia mpunga. Chembe hizo zinakwama kwenye mishipa midogo, damu haipiti, na mtu anapata maumivu makali ya mifupa, kifua au tumbo. Tena hazidumu. Chembe ya kawaida huishi siku kama 120, lakini chembe mundu huishi siku 10 hadi 20 tu. Ndiyo maana rafiki yako ana upungufu wa damu, macho ya manjano, na anachelewa kukua na kubalehe. Si uvivu hata kidogo.

Inarithiwaje?

Kila mtu ana nakala mbili za jeni hii, moja ya baba na moja ya mama. Nakala ya kawaida tuiite A na yenye kosa tuiite S. (A hii si ile herufi ya DNA, usichanganye!) Ukiwa AA huna kosa. Ukiwa SS una selimundu. Ukiwa AS unabeba nakala moja ya S, lakini huumwi ugonjwa huo. Unaweza kucheza mpira, kusoma na kuzeeka bila kujua.

Inakadiriwa kwamba Tanzania watu 13 hadi 20 katika kila 100 ni AS. Kama darasa lenu lina wanafunzi 50, huenda 7 hadi 10 kati yenu mnayo. Labda na wewe umo!

Jaribu hili na jirani yako wa dawati. Kila mmoja achukue sarafu. Upande mmoja uwe A, wa pili uwe S. Nyinyi ni wazazi wawili wenye AS. Rusheni sarafu kwa pamoja, mara 40, na kila mara andikeni mmepata nini. Mtaona AA inatokea karibu mara 10, AS karibu mara 20, na SS karibu mara 10. Ndiyo kusema kwamba katika kila mimba, wazazi hao wana nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mwenye SS. Na sarafu haina kumbukumbu. Kama mtoto wa kwanza ni SS, haina maana kwamba watatu wanaofuata watasalimika.

Angalia tena: S moja imetoka kwa baba, nyingine kwa mama. Basi anayemlaumu mama peke yake hajui hesabu.

Kwa nini kosa hili halikupotea?

Swali zuri. Jibu lake lilianza kupatikana hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1949 Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya, alipima damu za watu katika sehemu mbalimbali za nchi hiyo. Aliona kwamba wenye S walikuwa wengi pwani na karibu na Ziwa Victoria, na wachache nyanda za juu penye baridi. Akajiuliza, pwani na ziwani kuna nini? Kuna mbu na malaria! Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba wenye AS wana kinga fulani dhidi ya malaria. Baadaye watafiti wa Kilifi walionyesha kwamba AS hupunguza malaria kali kwa karibu asilimia 90.

Kwa hiyo S ilienea kwa sababu iliwaokoa wengi. Mwaka 2018 wataalamu waliolinganisha jenomu za watu wengi walikadiria kwamba kosa hili lilitokea mara moja tu, miaka kama 7,300 iliyopita. Likasafiri na watu hadi Uarabuni, India na Amerika. Lakini angalia: kinga hii ni ya AS. Mwenye SS akipata malaria yuko hatarini sana.

Kutoka kusoma hadi kusahihisha

Madaktari walikuwa wameona jambo la ajabu. Mtoto mwenye SS huzaliwa vizuri, na dalili huanza miezi kadhaa baadaye. Kwa nini? Kwa sababu mtoto mchanga bado ana himoglobini ya tumboni, ambayo haipindi. Ikiisha, taabu inaanza.

Je, tukiweza kuirudisha? Kuanzia mwaka 2007, wataalamu waliolinganisha jenomu za watu wengi waligundua kwamba jeni iitwayo BCL11A ndiyo swichi inayoizima himoglobini ya tumboni. Mwaka 2011 watafiti wa Tanzania na Uingereza walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba jeni hiyo hiyo ina uzito kwa wagonjwa Watanzania pia.

Wakati huohuo chombo cha kukata DNA mahali unapotaka kilikuwa kinatengenezwa. Kinaitwa CRISPR, na waliokibuni, Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2020. Kwa kutumia chombo hicho, mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba iitwayo Casgevy. Mgonjwa anatolewa chembe mama za damu, swichi ya BCL11A inalemazwa maabara, kisha chembe zinarudishwa mwilini.

Wagonjwa wengi waliotibiwa hivyo katika majaribio walikaa mwaka mzima au zaidi bila maumivu makali. Lakini tusidanganyane. Kwanza mgonjwa anapewa dawa kali za kuondoa uboho wa zamani, yaani ule ute wa ndani ya mifupa, na dawa hizo zinaweza kuharibu uwezo wa kuzaa. Pili, bei iliyotangazwa Marekani ilikuwa dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja. Hapo hata harambee ya wilaya nzima haitoshi!

Elimu hii haiishii kwa selimundu. Mwaka 2002 zilichapishwa jenomu za kimelea cha malaria na za mbu anayekibeba, na leo wataalamu hutumia maandishi hayo kufuatilia vimelea vilivyoanza kuzoea dawa. Jenomu ya kirusi cha korona ilitangazwa Januari 2020, na chanjo zikaanza kubuniwa mara moja.

Sasa sisi tufanye nini?

Usikate tamaa. Yapo mambo yanayookoa maisha na hayahitaji mamilioni: kupima mtoto mapema, kumpa penisilini kila siku miaka ya mwanzo, chanjo, chandarua na dawa za kuzuia malaria. Ipo pia dawa ya kumeza iitwayo haidroksiyurea, ambayo nayo huongeza ile himoglobini ya tumboni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliofanyika kwa watoto wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda, ulionyesha kwamba dawa hii ilipunguza maumivu, malaria, kuongezewa damu na hata vifo. Hutolewa na daktari, na damu hupimwa mara kwa mara.

Uvumi na ukweli

Eti selimundu inaambukiza? Hapana. Kaa naye dawati moja, kuleni sahani moja.

Eti nikijua kundi langu la damu inatosha? Hapana. Kundi A, B au O ni jambo jingine kabisa. Kujua kama wewe ni AA, AS au SS omba kipimo cha selimundu.

Eti wenye AS wawili hawaruhusiwi kupendana? Hakuna aliyesema hivyo. Uamuzi ni wao, lakini waamue wakijua. Ndoa kwako bado iko mbali, soma kwanza! Ila kupima unaweza hata sasa, na jibu halibadiliki maisha yako yote.

Eti mwenye SS hafiki mbali? Si kweli. Akitunzwa anasoma, anafanya kazi, anakuwa na familia.

Kama una selimundu, kunywa maji mengi, jikinge na baridi, usijichoshe kupita kiasi. Ukipata homa, kifua kubana au maumivu yasiyotulia, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usione haya kumwambia mwalimu.

Kama ni rafiki yako, mwachie daftari zako anapokosa vipindi. Akiomba ruhusa ya kwenda kunywa maji, msemee kwa mwalimu. Na akiitwa mvivu, usinyamaze. Sasa unajua.

Jadilianeni darasani

1. Baba ni AS, mama ni AA. Je, wanaweza kupata mtoto mwenye SS? Tumieni sarafu kujibu.
2. Je, shule yenu inamsaidiaje mwanafunzi anayekosa masomo kwa ugonjwa?
3. Tiba ikiwepo lakini wagonjwa wengi hawawezi kuilipia, nani awajibike?