Ufa katika mnara wa matofali ya kompyuta

Likizo iliyopita mpwa wangu wa miaka 13 alikuwa Tarakea kwa babu yake, akijenga msikiti. Hakuwa na saruji wala kokoto. Alikuwa na kompyuta ya mkononi na programu ya kupangia matofali ya kuchezea ya Lego. Alitaka mnara wa pembe nane, na hapo taabu ikaanza. Kuta nne zilizonyooka zilikaa sawasawa. Zile nne za mshazari zilikaribia kona zikasita, zikaacha ufa mwembamba uliopitisha mwanga kutoka juu hadi chini.

Siku mbili alidhani programu ina hitilafu. Ya tatu akafanya lililo jepesi: akalisukuma tofali moja hadi likaingia ndani ya jingine, ufa ukatoweka machoni. Kompyuta haikatai jambo hilo, kwa kuwa matofali yake hayana mwili.

Programu ile hufuata mfumo wa LDraw, ulioanzishwa na James Jessiman wa Australia mwaka 1995. Kipimo chake kimoja ni sawa na milimita 0.4, na kutoka kinundu kimoja cha tofali hadi kinachofuata ni vipimo 20, yaani milimita 8. Ukuta ukilazwa mshazari kwa nyuzi 45, hatua hiyo ya vipimo 20 hugeuka kuwa 14.142 kwenda kulia na 14.142 kwenda mbele, na desimali zake hazina mwisho. Kijana aliandika 14. Kwa hatua moja, upungufu huo hauonekani. Lakini yeye alirudia hatua hiyo mara 16, kila moja ikianzia pale ilipokomea iliyotangulia, na ukuta uliostahili vipimo 320 ukafika 316.8. Pungufu ni takriban milimita 1.3. Lau angeandika 14.142, pungufu lingekuwa takriban milimita 0.001, ambalo hakuna jicho litakaloliona.

Babu yake, mwashi wa miaka mingi, aliinama mbele ya kioo akatazama.

"Kila tofali unalipimia kwa mwenzake?"

"Ndiyo, Babu."

"Sisi tunapimia kutoka kona. Tofali likikosea, kosa linabaki kuwa lake peke yake."

Kihesabu, mzee alikuwa anasema: zidisha kwanza, kadiria mwishoni. 14.142 mara 16 ni 226.27, hata ukiandika 226, umepoteza robo ya kipimo, tena mara moja tu.

Wanazuoni wetu walilijua jambo hili zamani. Mwaka 1424, huko Samarkand, Jamshid al-Kashi alikokotoa uwiano wa mzingo wa duara na kipenyo chake hadi tarakimu 16 za desimali. Ninachokipenda zaidi ni namna alivyoanza. Kabla ya kugusa hesabu alijiwekea mpaka: katika duara ambalo kipenyo chake ni mara 600,000 ya kile cha dunia, kosa lisifikie upana wa unywele wa farasi. Kisha ndipo akatafuta usahihi unaotosha kila hatua ili mpaka huo usivukwe.

Usiku ule Babu, ambaye majirani humwita kusaidia hesabu za mirathi, alimpa mjukuu wake zoezi. Mtu amefariki, ameacha mke, mama, wana wawili wa kiume na binti mmoja. Baada ya mazishi, madeni na wasia, zimebaki shilingi 12,000,000. Mke ana thumni (1/8), mama ana sudusi (1/6), na kinachobaki ni cha watoto, mwanamume akipata mara mbili ya mwanamke.

Kijana akachukua kikokotoo, akakadiria kila fungu kwa desimali mbili: mke 0.13, mama 0.17, kila mwana 0.28, binti 0.14. Akajumlisha. Jumla ikawa 1.00 kamili, akafurahi.

Babu akachukua karatasi. Asili ya mas'ala ni 24: mke mafungu 3, mama 4, watoto 17. Kwa kuwa 17 haigawanyiki kwa 5, akazidisha yote kwa 5, asili ikawa 120: mke 15, mama 20, kila mwana 34, binti 17. Hakuna desimali hata moja. Kila fungu ni shilingi 100,000.

Wakalinganisha. Kwa kikokotoo mke alizidishiwa shilingi 60,000 na mama 40,000. Kila mwana alipunguzwa 40,000 na binti 20,000. Katika mnara, angalau mwanga ulipenya. Hapa jumla ilifunga vizuri kabisa, na yatima watatu wangeondoka na pungufu bila mtu kuuona ufa.

Kijana alirudi kwenye kompyuta, akalitoa lile tofali alilolificha ndani ya mwenzake, akaanza kupima upya kutoka kona.