Mbao za Sakafu ya Zamani

Nyumba ya zamani ikibomolewa, mbao za sakafu yake mara nyingi hukatwa kuwa kuni. Ni hasara, kwa maana ubao wa mvule uliokanyagwa miaka mingi bado wafaa kukanyagwa tena, mradi utayarishwe kwa saburi.

Kila ubao una ulimi upande mmoja na mfuo upande wa pili, na ulimi huingia katika mfuo wa ubao wa jirani. Ukiung'oa kwa nguvu, ulimi huvunjika. Basi fundi hukubali kuupoteza ubao mmoja ulio karibu na ukuta, kisha huziinua nyingine polepole, akitia mtaimbo karibu na kila msumari.

Misumari usiigonge irudi juu, isije ikapasua uso wa ubao. Geuza ubao kifudifudi, shika ncha ya msumari kwa koleo, uuvute utokee nyuma. Kisha pitisha sumaku, kwa kuwa kipande cha msumari kilichobaki ndani huharibu makali ya randa. Ukiona matundu madogo, gonga ubao. Unga mpya ukidondoka, wadudu wamo bado, na ubao huo usiingie nyumbani.

Rangi ya zamani yataka hadhari. Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Usiisugue kwa msasa ikiwa kavu, wala usiichome moto. Ilowanishe kwanza ndipo uikwangue, na watoto wakae mbali.

Lakini kazi ambayo watu huiruka ni kungoja. Ubao, hata uwe mkongwe namna gani, hunywa unyevu wa hewa na kutanuka, na katika hewa kavu husinyaa. Urefu wake haubadiliki sana, bali upana. Chukua mbao za Tanga, penye hewa ya bahari, uzipigilie Dodoma siku ile ile zilipofika: kiangazi kitafungua nyufa kati yake. Zikitoka Dodoma kwenda Tanga, zitasukumana hata sakafu ifure. Kwa hiyo zipange ndani ya chumba kile kile zitakamolazwa, ukitia vijiti kati ya safu na safu ili hewa ipite, uziache majuma mawili au zaidi. Pima upana wa ubao mmoja na kuuandika; baada ya juma moja pima tena. Usipobadilika, anza kupigilia, ukiacha nafasi ya upana wa kidole kando ya ukuta.