Ukimya wa Mwenzi: Jinsi Kompyuta Nyingi Zinavyocheza Mchezo Mmoja

Watu wawili wachezao bao chini ya mwembe hutazama bao moja. Kete 64 zi mbele yao, na ukizuka ubishi juu ya idadi ya kete katika shimo fulani, huhesabu wakayamaliza. Sasa tuchukulie kwamba mmoja wao yuko Bukoba na mwenziwe yuko Mtwara, kila mmoja ana bao lake, na hawana njia ya kuwasiliana ila kwa kupelekeana ujumbe mfupi. Hawana haja ya kuelezana hali ya mashimo yote 32. Yatosha mmoja aseme ameanzia shimo gani na ameelekea upande gani. Mwenziwe atasambaza kete vivyo hivyo katika bao lake, na kwa kuwa kanuni za mchezo ni zilezile, mabao mawili yatabaki sawa. Lakini kete moja ikidondoka mchangani kule Mtwara bila mchezaji kutambua, mambo yatabadilika. Kila ujumbe utakaofuata utakuwa sahihi, kila mchezaji atacheza kwa uaminifu, na hata hivyo baada ya zamu chache watakuwa wanacheza michezo miwili tofauti.

Hilo ndilo tatizo la msingi katika utungaji wa michezo ya kompyuta inayochezwa na watu wengi kupitia mtandao. Zipo njia kuu mbili za kulikabili. Ya kwanza ni kuiteua kompyuta moja, iitwayo seva, iwe ndiyo mwenye bao, na wengine wote waulize kwake. Ya pili, ambayo ndiyo tutakayoizungumzia, ni kuziacha kompyuta zote ziwe sawa: kila moja ina bao lake na huzungumza na nyingine zote moja kwa moja. Kompyuta inayoshiriki kwa usawa namna hii tutaiita mwenzi.

Mchezo wa Doom, uliotolewa na kampuni ya id Software ya Marekani mwezi Desemba 1993, ulitumia njia hii ya pili. Waliweza kucheza watu wanne, na kompyuta zao zilipelekeana amri za wachezaji mara 35 kwa sekunde. Toleo la kwanza lilikuwa na kasoro moja ya kufunza: ujumbe ulitangazwa kwa kila kompyuta iliyokuwa katika mtandao wa jengo, hata zile zilizokuwa zikifanya kazi za ofisi na zisizohusika kabisa na mchezo. Kila mashine ililazimika kuupokea ujumbe huo na kuutazama kabla ya kuutupa. Matoleo ya mwaka 1994 yaliacha kutangaza, yakawa yanawapelekea wahusika peke yao.

Mfano ulio bora zaidi kwa mwanafunzi ni mchezo wa Age of Empires, uliotolewa mwaka 1997, ambao watungaji wake Paul Bettner na Mark Terrano waliueleza kwa kirefu mwaka 2001. Walitaka wachezaji wanane waongoze majeshi makubwa kwa kutumia modemu ya simu yenye kasi ya kilobiti 28.8 kwa sekunde. Walipiga hesabu wakaona kwamba wakipeleka mahali, hali na uelekeo wa kila askari, modemu ile isingebeba zaidi ya askari 250 wanaotembea. Basi wakafanya kama wachezaji wetu wa bao: hawakupeleka hali ya askari bali amri za wachezaji tu, na kila kompyuta ikajikokotolea mwendo wa jeshi zima.

Amri hizo hazikutekelezwa papo hapo. Muda uligawanywa katika zamu, ambazo kwa kawaida zilikuwa za milisekunde 200, yaani sehemu ya tano ya sekunde. Amri iliyotolewa katika zamu ya 1000 ilipangiwa kutekelezwa katika zamu ya 1002, na kompyuta zote ziliitekeleza katika zamu hiyohiyo. Ule muda wa katikati ulikuwa wa kuusubiri ujumbe ufike. Watungaji waligundua jambo ambalo huenda msomaji asingelitarajia: wachezaji hawakutambua kabisa ucheleweshaji wa milisekunde 250, na hata kati ya 250 na 500 waliendelea kucheza vizuri. Kilichowaudhi ni kasi inayobadilikabadilika. Ucheleweshaji usiobadilika walijifunza kuuzoea, kama mtu anavyozoea mteremko wa njia ya nyumbani kwake.

Na ile kete iliyodondoka mchangani? Ilitokea kweli. Bettner na Terrano wameeleza jinsi paa mmoja alivyoweza kuwekwa mahali palipotofautiana kidogo sana katika kompyuta mbili wakati ramani inatengenezwa. Paa huyo alikwenda kulisha penginepo. Dakika kadhaa baadaye mwanakijiji alipita njia iliyopinda kidogo, akamkosa paa kwa mkuki wake, akarudi nyumbani bila nyama. Kwa hiyo chakula kikatofautiana, na mwishowe vita vizima. Ndiyo maana wenzi hupelekeana mara kwa mara jumla ya ukaguzi, yaani namba moja iliyokokotolewa kutokana na hali ya mchezo mzima. Namba zikipishana, mchezo husimamishwa. Jumla hiyo haisemi kosa liko wapi. Husema tu kwamba mabao si sawa tena.

Tuje kwenye viungo vyenyewe. Wenzi wakiwa n, idadi ya viungo ni n(n − 1)/2. Wawili wana kiungo kimoja, wanne wana sita, wanane wana 28. Kila kiungo kina kasi yake na maradhi yake. Katika mtandao wa nyumbani au wa simu ya mkononi liko tatizo jingine: vifaa vingi hujificha nyuma ya anwani moja ya nje, kwa kuwa anwani za mfumo wa zamani wa intaneti hazizidi 4,294,967,296, nazo hazitoshi. Kifaa kinacholinda lango, yaani ruta, hukataa ujumbe wa mgeni isipokuwa mtu wa ndani awe amemwandikia mgeni huyo kwanza. Wenzi wawili walio nyuma ya ruta mbili wanawezaje basi kuanza kuzungumza, ikiwa kila mmoja anangoja mwenzake aandike?

Hapa huhitajika mshenga. Ni seva yenye anwani inayojulikana, ambayo wote wawili huiandikia. Mshenga huona anwani ya nje na namba ya mlango wa kila mmoja, kisha humwambia kila mmoja habari za mwenziwe. Halafu wote wawili huandikiana kwa wakati mmoja. Ujumbe wa kwanza huenda ukakataliwa kule uendako, lakini kwa kutoka kwake umefungua mlango wa kwao, na ujumbe unaofuata kutoka upande wa pili huingia. Baada ya hapo mshenga hukaa kando. Ziko ruta zinazobadilisha namba ya mlango kwa kila anayeandikiwa. Kwa hizo hila hii haifai, na ujumbe wote hupitishwa kwa seva ya kati, njia iliyo ndefu na ya gharama. Mlango uliofunguliwa nao hujifunga usipotumiwa kwa muda, kwa hiyo wenzi hawana budi kupelekeana ujumbe mdogo wa “nipo” hata wasipokuwa na la kusema.

Ujumbe huo wa “nipo” unatufikisha kwenye jambo gumu kuliko yote. Mwenzi akinyamaza, maana yake nini? Pengine kompyuta yake imezimika. Pengine umeme umekatika. Pengine yuko salama, ila ujumbe wake umekwama njiani na utafika baada ya nusu sekunde. Kwa anayesubiri, hali zote hizi zinafanana kabisa. Udhaifu huu hautokani na modemu mbovu, wala hautaondolewa na nyaya bora. Mwaka 1985 Michael Fischer, Nancy Lynch na Michael Paterson walithibitisha kihisabati kwamba pale ambapo hakuna ukomo wa muda wa ujumbe kufika, na hata mshiriki mmoja tu anaweza kufa ghafla, hakuna utaratibu usiotegemea bahati nasibu unaoweza kuhakikisha kwamba waliobaki watakubaliana daima. Mtungaji wa mchezo huweka kikomo cha muda, na baada ya kikomo hicho humhesabu mwenzi kuwa ameondoka. Kikomo hicho ni makisio.

Kuondoka kwenyewe kuna mtego. Tuseme wenzi ni Asha, Juma, Neema na Baraka. Baraka amepotea. Amri yake ya mwisho ilimfikia Asha, haikuwafikia Juma wala Neema. Asha akiitekeleza na wengine wasiitekeleze, tumerudi kwa yule paa. Basi kabla ya kumfuta Baraka, waliobaki hulazimika kuulizana: nani alipokea amri yake ya mwisho, na ilikuwa ya zamu ya ngapi? Aliyeipokea huwagawia wenzake, kisha wote humfuta katika zamu moja iliyokubaliwa. Mwalimu anaweza kuligeuza hili kuwa jaribio la darasani kwa vikaratasi na wanafunzi wanne, mmoja wa tano akiwa tarishi mwenye ruhusa ya kuvichelewesha na kuvipoteza vikaratasi apendavyo. Darasa litashangaa jinsi tarishi mmoja anavyoweza kuvuruga mapatano ya watu wenye nia njema.

Hatari nyingine hutokea mtandao ukikatika katikati. Wenzi wanane wakigawanyika watano na watatu, kila kundi litaona kuwa lile jingine limekufa. Kanuni ya wengi hutumika: kundi la watano huendelea, la watatu husimama. Wakigawanyika wanne kwa wanne, hakuna walio wengi. Katika mfumo wa benki ingebidi wote wasimame. Katika mchezo mtungaji anaweza kuwaacha waendelee na michezo miwili, kwani hakuna fedha ya mtu itakayopotea.

Yabaki swali la ukubwa wa kikomo, nalo linatuhusu sisi wa Afrika Mashariki kuliko wengi. Kabla ya mwaka 2009, ulipoanza kutumika mkongo wa baharini wa SEACOM, mawasiliano yetu na nchi za nje yalitegemea sana satelaiti zilizo kilometa 35,786 juu ya ikweta. Kupanda na kushuka ni kilometa zipatazo 71,600. Kwa mwendo wa nuru huchukua milisekunde 240, na kwenda na kurudi milisekunde 480. Katika nyuzi za kioo nuru husafiri kilometa zipatazo 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo mkongo wa kilometa 10,000 huhitaji milisekunde 50 kwenda na 50 kurudi, bila kuhesabu muda unaopotea katika mitambo ya njiani. Mtungaji aliyejaribu mchezo wake katika chumba kimoja na wenzake, akaweka kikomo cha milisekunde 100, amewafungia nje watu wa Mombasa na Dar es Salaam wanaotaka kucheza na wenzao wa Ulaya, wala hatajua.

Iko kanuni nzuri zaidi, iliyobuniwa na Van Jacobson kwa ajili ya itifaki ya TCP: usiweke kikomo kimoja kwa wote, bali mpime kila mwenzi. Chukua wastani wa muda wake wa kwenda na kurudi, uujumlishe na mara nne ya kiasi ambacho vipimo vyake kwa kawaida hupishana na wastani huo. Mwenzi wa jirani mwenye wastani wa milisekunde 20 na tofauti ya 3 atasubiriwa 32 kabla ya kudhaniwa kuwa ujumbe umepotea. Mwenzi wa mbali mwenye wastani wa 180 na tofauti ya 15 atasubiriwa 240. Mwenzi wa tatu yumo ndani ya basi, simu yake inahama kutoka mnara hadi mnara. Wastani wake ni 180 vilevile, lakini tofauti ni 90, naye atasubiriwa 540. Kwa mpango ule wa mwaka 1997 wa zamu za milisekunde 200, amri ya yule wa pili hutumia kama milisekunde 90 kumfikia mwenzake, na ina angalau 200 za kusafiri. Anacheza bila taabu, ingawa yuko mbali. Anayewasimamisha wenzake saba ni yule wa ndani ya basi.