Shahada ya Pili Ipimwe kwa Kazi

Kila mwaka, vyuo vikuu vyetu vikishafanya mahafali, swali moja huzuka majumbani na makazini. Kijana aliyekwisha vaa joho huuliza: niendelee na shahada ya uzamili, au nitafute kazi? Mfanyakazi aliyetimiza miaka mitano kazini naye huuliza: nirudi chuoni, au nibaki? Nyuma ya kila aulizaye yupo mzazi, yupo mke au mume, wapo wadogo zake, nao wote jibu lake litawagusa. Kwa sababu hiyo twaona yafaa jambo hili tulizungumze waziwazi.

Wapo wasemao kwamba elimu ni bahari, na kwamba awezaye kusoma na asome tu. Hatuwapingi. Lakini hata baharini nahodha hang'oi nanga mpaka aijue bandari aendayo. Shahada ya pili huchukua miaka, hula fedha, na mara nyingi fedha hiyo si ya msomaji peke yake. Basi ni haki kumwuliza kabla hajaanza: waenda bandari ipi?

Tuanze na kazi ambazo mlango wake haufunguki ila kwa masomo hayo. Daktari atakaye kuwa bingwa wa upasuaji au wa magonjwa ya watoto hana budi kurudi darasani na wodini kwa miaka 3 au zaidi. Atakaye kufundisha chuo kikuu naye hana njia ya mkato. Watu hawa taifa lawahitaji, nasi twawaambia waende kwa moyo mkunjufu.

Hata hivyo, mwenye nia ya kuwa mhadhiri na aitazame kwanza shahada yake ya kwanza. Kwa kawaida vyuo vikuu vyetu hudai wastani usiopungua 3.8 kati ya 5 katika shahada hiyo, na usiopungua 4.0 katika ya uzamili. Aliyemaliza na 3.1 aweza kupokelewa kusoma shahada ya pili, akalipa ada, akafaulu vizuri, na mlango wa uhadhiri usimfungukie. Heri alijue jambo hili kabla ya kulipa.

Zipo kazi nyingine ambazo ufunguo wake si shahada ya pili. Mhitimu wa sheria hawi wakili kwa kuongeza shahada. Huwa wakili kwa kupitia Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo na kufaulu mitihani yake. Mhasibu hutambuliwa kwa mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu. Mhandisi husajiliwa na bodi yake baada ya kuonyesha kwamba amefanya kazi ya uhandisi chini ya usimamizi. Kijana wa uhasibu anayekimbilia shahada ya uzamili hali mitihani ya bodi hajaigusa, anafanana na mtu aliyejenga ghorofa ya pili kabla ya ngazi.

Sasa tuje kwenye hesabu, kwa maana mfanyakazi huishi kwa mshahara. Aliyesoma shahada ya kwanza kwa fedha za Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi, tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2016. Tuchukue mfano wa mwenye mshahara wa shilingi 800,000. Makato hayo peke yake ni shilingi 120,000 kwa mwezi, au 1,440,000 kwa mwaka, kabla hatujataja kodi na akiba ya uzeeni. Tukisema masomo ya miaka 2 yatamgharimu shilingi 8,000,000, naye akatumaini nyongeza ya shilingi 100,000 kwa mwezi, basi itampasa angoje miezi 80 ili fedha yake irudi. Hiyo ni miaka 6 na miezi 8. Na kama aliacha kazi ili asome, aongeze mishahara ya miezi 24 aliyoikosa, yaani shilingi 19,200,000.

Tena hiyo nyongeza aliyoitumainia, ni nani aliyemwahidi? Katika kazi nyingi cheo hupanda kwa muundo wa utumishi, si kwa idadi ya vyeti vilivyotundikwa ukutani. Twawashauri wafanyakazi wausome muundo wa kada yao, wamwulize mwajiri kwa barua, na wapate jibu kwa barua. Mtumishi wa umma asisahau kuomba ruhusa ya masomo kwanza, asije akahesabiwa mtoro.

Lipo pia jambo ambalo watu huliona aibu kulisema. Vijana wengi hurudi chuoni kwa sababu kazi haikupatikana. Hatuwacheki, kwa maana kukaa nyumbani na shahada huku majirani wakiuliza ni uchungu mkubwa. Lakini chuo si kivuli cha kujifichia jua. Baba akiuza ng'ombe ili mwanawe apate kuitwa mwanafunzi miaka miwili zaidi, jua litakuwa palepale siku atakapotoka, ila ng'ombe hatakuwapo. Na wengi humaliza masomo ya darasani wakakwama katika kuandika tasnifu, huku ada ya muda ulioongezeka ikiendelea kudaiwa. Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma.

Wazee wetu walilifikiri jambo hili. Chuo Kikuu cha kwanza cha nchi yetu kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961 katika jengo la TANU, mtaa uitwao leo Lumumba, Dar es Salaam, na tangu mwanzo kilitakiwa kiwatumikie wananchi. Mwaka 1974 Azimio la Musoma likaagiza kwamba kijana afanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Agizo hilo halipo tena, nalo lilikuwa na upungufu wake. Lakini maana yake haijachakaa: aliyefanya kazi huja darasani na maswali, na mwenye maswali huvuna zaidi. Mwalimu Nyerere mwenyewe alifundisha Tabora kabla ya kwenda Edinburgh mwaka 1949.

Kwa hiyo neno letu kwa kijana asiye na hakika ni hili: fanya kazi kwanza, hata iliyo ndogo, miaka 2 au 3. Ukiiona kazi ambayo shahada ya pili peke yake ndiyo itakayokuwezesha kuifanya, rudi ukasome bila woga. Na mama anayetoka kazini jioni, akawaacha watoto kwa dada yake akaenda darasani kwa sababu aijua kazi anayoiendea, huyo tunamvulia kofia.

Waajiri nao tuna neno nao. Si haki kutangaza kazi ya kutunza majalada na kudai shahada mbili kwa ajili ya kupunguza wingi wa waombaji. Tangazo la namna hiyo huwatoza maskini ada isiyo ya lazima. Mwajiri na adai elimu inayotakiwa na kazi, asizidishe.

Ndugu wasomaji, elimu ni jembe. Hakuna mkulima anunuaye jembe la pili ili alitundike ukutani. Hulinunua kwa sababu ameliona shamba. Atakaye shahada ya pili na atuonyeshe shamba lake kwanza. Akituonyesha, sisi jamaa zake tutachanga.