Nilivyowaona Watawa Wakulima wa Ndanda

Wasomaji wengi wa gazeti letu wamekwisha pita Ndanda wakienda Masasi, lakini walioingia katika abasia ni wachache. Mimi pia nisingaliingia kama Bibi yangu wa Mahurunga asingaliugua wakati wa likizo. Tulimpeleka hospitali ya Ndanda, nami nikaachwa huko nimwuguze.

Kutoka Mtwara basi letu lilipinda Mnazi Mmoja, likafuata bonde la mto Lukuledi, uwanda wa juu wa Makonde ukiwa mkono wa kushoto. Ndanda ipo chini ya mteremko wa uwanda huo, mahali penye chemchemi.

Watawa wa Ndanda huitwa Wabenedikto. Shirika lao lilianzishwa Ujerumani mwaka 1884. Walifika Lukuledi mwaka 1895. Vituo vyao vya Lukuledi na Nyangao viliharibiwa katika Vita vya Maji Maji mwaka 1905, na mwaka uliofuata wakaanza Ndanda. Mwaka 1931 Ndanda ikawa abasia, yaani nyumba ya watawa inayoongozwa na abate. Zamani watawa walikuwa Wazungu. Leo utawakuta Watanzania pia.

Maisha yao hufuata Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa Italia katika karne ya 6. Kwa Kanuni hiyo hakuna mtawa mwenye mali yake mwenyewe. Siku yote hugawanywa kwa kengele: sala, kusoma, na kazi ya mikono. Wala msidhani wanakataa mashine, maana wana karakana na mtambo wa kuchapa vitabu. Wanachokataa ni mtu kujiona mkubwa kuliko kazi.

Mimi ni Mwislamu, na nilidhani nitafukuzwa langoni. Sivyo hata kidogo. Kanuni yao huwaamuru kumpokea kila mgeni kama wangempokea Kristo mwenyewe. Bruda mmoja alinikaribisha, akanionyesha bustani. Humo nilimwona mzee akimwagilia mboga, nguo zake zimejaa tope. Nikamwuliza Bruda kama yule ni kibarua. Bruda akacheka, akasema, "Yule ni Padre. Asubuhi alitusalisha."

Nikaona haya, nikaomba jembe nisaidie. Tulilima mpaka kengele ilipolia. Hapo nikaliacha jembe langu mtaroni, kama tulivyozoea shuleni, nikaenda kunawa. Nilipogeuka nilimwona Bruda amelirudia. Alilikwangua udongo, akalifuta kwa majani makavu, akalitundika mahali pake. Hakunikemea. Aliniambia tu, "Mdogo wangu, Kanuni yetu yasema vyombo vyote vya nyumba vitazamwe kama vyombo vitakatifu vya altare. Jembe nalo limo."

Maneno hayo yalinichoma. Katika shule niliyosoma kwanza, jembe lilikuwa adhabu. Aliyechelewa alilima, aliyepiga kelele darasani alilima, na mwenye bidii alisamehewa kulima. Basi tulijifunza kwamba kitabu ni cha mtu mwema na jembe ni la mkosaji. Majembe yetu yalilala mvuani, mipini ikaoza, wala hakuna aliyejali. Tena wengi wetu tulikuwa watoto wa wakulima, na ada zetu zilitoka katika korosho na mpunga. Tulipolidharau jembe tulimdharau nani?

Jioni nilirudi wodini nikamweleza Bibi yote niliyoyaona. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Mjukuu wangu, jembe langu la kule bondeni hukaa wapi usiku?"

Nikafikiri. Nimelala katika nyumba yake tangu utotoni, na kila jioni yeye hurudi kutoka shamba la mpunga kando ya Ruvuma.

Nikamjibu, "Nyuma ya mlango, Bibi."

"Lina tope?"

"Halina."

"Basi," akasema, "ulikuwa hutazami."

Bibi amekwisha pona na amerudi Mahurunga. Likizo ijayo nitakwenda kumsaidia kuvuna. Nanyi wenzangu nawaomba jambo moja: siku ya zamu ya shamba, kabla hamjakimbilia bombani, yafuteni majembe.