Vishikwambi kwa Wanafunzi wa Sekondari: Mambo ya Kupanga Kabla ya Kununua

Wazazi wanapokutana, iwe katika kikao cha shule au baada ya sala ya Jumuiya Ndogo Ndogo, suala la vishikwambi huibua hoja mbili. Wapo wanaoona kwamba bila vifaa hivyo mtoto wa Kawajense atazidi kuachwa nyuma na mwenzake wa Dar es Salaam au Mwanza. Wapo pia wanaohofu kwamba tutakuwa tumemkabidhi kijana mlango wa kupitishia kila uchafu wa dunia, tena kwa fedha ya mahindi na tumbaku iliyopatikana kwa jasho. Kila upande una ukweli wake. Kwa sababu hiyo tumeona vema kueleza namna mpango wa vishikwambi katika shule ya sekondari unavyoendeshwa, unavyofanikiwa na unavyoanguka, ili mzazi, mwalimu na mjumbe wa bodi ya shule waweze kuamua wakiwa na maarifa.

Yaliyokwisha kufanyika

Watanzania wengi walikiona kishikwambi kwa karibu mwezi Agosti 2022, mikononi mwa karani wa Sensa ya Watu na Makazi. Kazi ya sensa ilipokwisha, Serikali ilivigawa vifaa hivyo, pamoja na vingine vilivyonunuliwa, kwa walimu; jumla yake ilikaribia 300,000. Hivyo basi, katika nchi yetu kifaa kimemfikia mwalimu kabla ya kumfikia mwanafunzi, na tutaona hapa chini kwamba mpangilio huo una hekima.

Kabla ya hapo lilifanyika jaribio kubwa mkoani Tanga. Kati ya mwaka 2017 na 2019, katika shindano la kimataifa la XPRIZE lililoendeshwa kwa ushirikiano na Serikali yetu, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, watoto wapatao 2,700 katika vijiji 170 hivi walipewa vishikwambi vyenye masomo ya kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Wengi wao hawakuwa wamewahi kwenda shule. Jaribio lilipoanza, zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilikuwa imepungua kwa nusu. Ni mafanikio ya kweli. Lakini tutazame kilichoyawezesha: masomo yalitayarishwa kwa lugha ya watoto wenyewe, vituo vya kuchajia kwa umeme wa jua vilijengwa vijijini, na katika kila kijiji walikuwapo akina mama waliovitunza vifaa. Nyuma ya kioo palikuwa na watu.

Ipo mifano ya upande wa pili. Mwaka 2013 mamlaka ya shule za jiji la Los Angeles, Marekani, ilianza mpango mkubwa wa kumpatia kila mwanafunzi kishikwambi. Ndani ya majuma machache wanafunzi wa sekondari walikwisha kugundua njia ya kuondoa vizuizi vilivyowekwa na kuingia katika mitandao ya kijamii. Mwaka uliofuata mpango ukasimamishwa kwa sababu hiyo na nyinginezo. Nchini Peru kompyuta ndogo ziligawiwa kwa wingi katika shule za vijijini, na utafiti uliotolewa mwaka 2012 haukuona dalili kwamba watoto waliozipata waliwazidi wenzao katika hesabu na lugha. Kompyuta zilifika, lakini namna ya kufundisha ilibaki ileile.

Fundisho tunalolipata ni kwamba kununua kifaa ndiyo sehemu nyepesi ya kazi. Tuangalie sasa sehemu zilizo nzito.

Kwanza, kifaa kitatatua tatizo gani?

Shule isianze na swali la aina gani ya kishikwambi inunuliwe. Ianze na swali la mwanafunzi anakwama wapi. Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili hukuta Kidato cha Kwanza masomo karibu yote yakifundishwa kwa Kiingereza. Wengi hunyamaza darasani kwa sababu ya lugha, ilhali akili wanayo. Kamusi iliyo ndani ya kishikwambi, inayomwonesha maana ya neno na kumtamkia, inaweza kumwokoa mtoto wa namna hiyo bila kumwaibisha mbele ya wenzake.

Katika Biolojia, mchoro unaotembea huonesha damu inavyopita moyoni kwa namna ambayo ubao hauwezi. Katika Jiografia, picha zilizopigwa kutoka angani huweza kumwonesha mwanafunzi Mto Katuma na Ziwa Rukwa wakati wa masika na wakati wa kiangazi, naye akajifunza mabadiliko ya nchi kwa maji anayoyafahamu. Penye kazi ya namna hii, kishikwambi kina mahali pake. Pasipo na kazi hiyo, kitabu na chaki vinatosha.

Tukumbuke pia kwamba mtihani wa Taifa wa Kidato cha Nne huandikwa kwa kalamu. Mwanafunzi anayegusa kioo mwaka mzima bila kuandika insha wala kuchora ramani kwa mkono wake ataadhibiwa siku ya mtihani. Kifaa kisichukue saa za daftari.

Pili, umeme

Kwa miaka mingi mji wa Mpanda ulitegemea majenereta ya mafuta, na wakazi wake wanajua maana ya giza la ghafla. Hata hivyo, hesabu ya umeme wa vishikwambi ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Kishikwambi cha kawaida kikichajiwa hadi kujaa huhitaji takriban wati-saa 25, tukihesabu na umeme unaopotea njiani. Vishikwambi 40, yaani vya darasa moja, huhitaji wati-saa 1,000, ambazo ni uniti moja tu ya umeme. Paneli moja ya jua ya wati 300, ikipata jua zuri kwa saa tano na kuunganishwa na betri ya kuhifadhia, inaweza kukaribia kazi hiyo.

Ugumu unaobaki ni wa utaratibu. Shule inahitaji kabati imara lenye kufuli, lenye nafasi na soketi kwa kila kifaa, katika chumba kisichovuja wala kupata joto kali. Inahitaji mtu mmoja anayejulikana kwa jina, mwenye ufunguo na daftari la kutolea na kupokelea. Betri za vifaa hivi huharibiwa na joto. Zisiachwe juani, na wakati wa likizo ndefu zihifadhiwe zikiwa na chaji ya nusu hivi. Kifaa ambacho betri yake imevimba kitolewe kabatini mara moja, kwa maana kinaweza kuwaka moto.

Tatu, maktaba ya ndani badala ya vifurushi

Wengi hudhani kishikwambi bila intaneti ni kipande cha kioo. Sivyo. Shule inaweza kuweka kompyuta moja ndogo iwe maktaba, na kifaa cha kurushia mawimbi ndani ya eneo la shule tu. Mwanafunzi anaunganishwa na kompyuta hiyo, na anayoyapata ni yale yaliyowekwa humo na walimu. Programu ya Kolibri, inayotolewa bure, ilitengenezwa kwa ajili ya mazingira ya namna hii. Kiwix nayo huwezesha kusoma Wikipedia, hata ile ya Kiswahili, pasipo intaneti. Taasisi ya Elimu Tanzania inayo maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, na shule ifuate masharti yake kuhusu matumizi na hakimiliki.

Faida yake ni rahisi kuihesabu. Somo moja la video lenye megabaiti 50, likipakuliwa na wanafunzi 40 kila mmoja kwa intaneti, humaliza megabaiti 2,000. Likipakuliwa mara moja na mwalimu na kuwekwa katika maktaba ya ndani, ni zile 50 tu. Tena lile kosa la Los Angeles linapungua sana, kwa kuwa kijana asiye na njia ya kutokea nje hana kizuizi cha kuvunja.

Nne, ni mali ya nani, na kikivunjika?

Hapa ndipo mipango mingi inapoumiza wanyonge. Tafakari mtoto wa mjane ambaye kifaa kimemponyoka mkononi. Ikiwa kanuni inasema kila mwanafunzi atalipa alichovunja, mtoto huyo anaweza kuacha shule kwa aibu au kwa kukosa fedha. Kifaa kilicholetwa kumwinua kitakuwa kimemwondoa darasani. Ikiwa hakuna kanuni yoyote, vifaa vitakwisha ndani ya mwaka.

Njia ya katikati ni vifaa kubaki mali ya shule, kutumiwa na kurudishwa kabatini siku hiyohiyo, na kuwa na mfuko wa matengenezo uliopangwa tangu mwanzo. Ajali igharimiwe na mfuko. Uharibifu wa makusudi ushughulikiwe na mzazi pamoja na shule. Kanuni hiyo iandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka, isomwe mbele ya wazazi, na mtoto yeyote asizuiwe kuingia darasani kwa sababu ya deni la kifaa.

Vifaa vinavyobaki shuleni vina upungufu wake: mwanafunzi wa kutwa hana cha kusomea jioni. Dawa yake ni kufungua chumba cha kusomea kwa saa moja au mbili baada ya vipindi, chini ya usimamizi. Hapo wasichana waangaliwe kwa namna ya pekee, maana wengi wao huitwa nyumbani mapema kuchota maji na kupika. Zamu iliyoandikwa ukutani, yenye majina ya wasichana na wavulana kwa usawa, huwalinda kuliko ahadi ya mdomo. Wazazi nao wakubali kumwachia binti saa yake.

Tano, ulinzi wa mtoto na taarifa zake

Kila kifaa kiandikishwe kwa namba yake ya kiwandani na kutiwa alama ya shule. Kiwekewe programu ya usimamizi inayomwezesha mwalimu mhusika kuongeza masomo, kuzuia programu zisizotakiwa na kukifunga kifaa kilichopotea. Lakini usimamizi huo usigeuke upelelezi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu pia taarifa za watoto: majina, picha na alama zao za mitihani. Programu ya bure inayodai majina na picha za wanafunzi inajilipa kwa taarifa hizo. Shule iulize zinakwenda wapi kabla ya kukubali.

Sita, mwalimu

Tunarudi tulikoanzia. Mwalimu apewe kifaa angalau muhula mmoja kabla ya wanafunzi, afundishwe, akosee faraghani, aandae vipindi vyake. Mwalimu aliyekabidhiwa kifaa siku moja na darasa lake atakifungia kabatini, na hatutakuwa na haki ya kumlaumu. Awepo pia mwalimu mmoja aliyepunguziwa vipindi ili ahudumie vifaa. Kazi hiyo haifanyiki kwa muda wa kuibia.

Hesabu ya miaka, si ya siku ya uzinduzi

Wafadhili hupenda siku ya kukabidhi: picha, nyimbo na hotuba. Shule inabaki na miaka inayofuata. Ikiwa kishikwambi kinadumu miaka minne, shule yenye vishikwambi 200 inapaswa kupanga kununua 50 kila mwaka, milele. Isipoweza, ni afadhali ianze na seti moja ya 40 inayozunguka kati ya madarasa, ikaitunza vizuri na kujifunza. Baada ya mwaka ijiulize kwa uaminifu: je, wanafunzi wanaelewa zaidi? Alama za majaribio zinasema nini? Waliokuwa wa mwisho wamesogea? Jibu likiwa hapana, fedha ielekezwe kwenye vitabu, maabara au chakula cha mchana, pasipo mtu kuona haya.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya elimu ya Kikristo, ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Wajibu huo hauwezi kukabidhiwa kwa mashine, wala kuachiwa shule peke yake. Kanisa halikiogopi kifaa: Mtakatifu Carlo Acutis, kijana aliyefariki mwaka 2006 akiwa na umri wa miaka 15 na kutangazwa mtakatifu na Papa Leo XIV tarehe 7 Septemba 2025, alitumia ujuzi wake wa kompyuta kutengeneza tovuti kuhusu miujiza ya Ekaristi. Alikuwa na kompyuta, na alijua alitaka kuifanyia nini.

Tunawaalika wazazi wa Kawajense na wa Katavi nzima kwamba shule ya mtoto wao itakapoleta pendekezo la vishikwambi, wasiwe wepesi wa kupiga makofi wala wa kukataa. Waulize: tatizo gani linatatuliwa, nani ana ufunguo wa kabati, maktaba ya ndani ina nini, mfuko wa matengenezo una kiasi gani, na mtoto wa maskini atalindwaje kikivunjika. Shule yenye majibu ya maswali hayo imekwisha kujiandaa. Isiyo nayo iombwe kwa upole irudi kuyatafuta kwanza, na wazazi wakae nayo katika kuyatafuta.