Kovu Linalovuta Taya

Mtoto aliyezaliwa na ufa kwenye kaakaa hushonwa, lakini akikua taya lake la juu laweza kubaki dogo. Je, ndugu msikilizaji, wa kulaumiwa ni ufa wenyewe? Watafiti wa Iowa, Marekani, walijaribu watoto wa mbwa aina ya beagle wasio na ufa wowote, wakachapisha matokeo mwaka 1970. Waliondoa ngozi laini ya kaakaa kando ya meno, mfupa ukabaki mtupu. Kidonda kilipopona, kovu lilisinyaa, likayavuta meno ndani. Taya likawa jembamba. Basi, tusikimbie upasuaji, maana kaakaa lisiloshonwa humtesa mtoto katika kula na kusema. Daktari apunguze mfupa mtupu. Mzazi naye aendelee kumpeleka mtoto kliniki mpaka amalize kukua.